Orodha ya Wasio na Watu

Huku milimani, Mbinga
Mwezi wa saba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua unaitikia marahaba hapo barazani peke yako, miwani puani, na anayepita anadhani unaongea na kuku. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaiweka kwenye sikio lile bovu kisha unalaumu mtandao. Basi acha nikuandikie, usome taratibu na urudie unapotaka.

Magoti yanasemaje? Yale mafuta ya kuchulia niliyokuachia unayatumia, au umeshampa mtu? Nakujua. Dada Zuhura anafika kukuona, au Korogwe imekuwa Ulaya? Na Mama Saumu je, ameacha kukusumbua? Miaka mitano sasa yule mama anakuja kila alfajiri kuazima mbuzi ya kukunia nazi, utadhani Tanga nzima mbuzi ni hiyo yako tu. Na wewe na magoti hayo uamke umfungulie mlango! Ndiyo maana likizo iliyopita nilimnunulia yake pale sokoni, nikamkabidhi mbele yako, nikamwambia, "Haya Mama Saumu, umepata yako, sasa mwache Mama alale." Mpaka leo sijajua kwa nini ulininunia siku mbili nzima baada ya pale.

Mimi ni mzima wa mwili, Alhamdulillahi, ila kichwa kinachemka. Baridi ya huku mwezi huu usiombe. Asubuhi navaa makoti mawili na bado meno yanagongana, nao Wamatengo wanapita na shati moja kwenda kuchuma kahawa, wananiangalia wanacheka. Lakini baridi nimeizoea. Wananchi ndio wamenishinda, Mama. Wananchi wa kijiji hiki watanizeesha kabla sijaoa.

Hebu sikiliza. Mwezi uliopita ililetwa fomu kutoka wilayani: kila mtendaji wa kijiji aorodheshe njia za wananchi kujitolea katika vitongoji vyao, na majina ya watakaojitolea. Nikasema hii ndogo. Nikachukua karatasi kubwa za manila, nikachora safu tano kwa rula, nikazibandika ukutani pale ofisini. Kusafisha chanzo cha maji. Kufyeka njia ya zahanati. Kukarabati madawati. Kufundisha watu wazima kusoma. Na ya tano nikaandika kwa wino mwekundu ionekane vizuri: Kusaidia wazee wasio na watu. Mama, nilijisifu. Nilisimama mlangoni naangalia kazi yangu, nikatamani ungeiona.

Wiki mbili zikapita. Safu nne zikajaa majina mpaka watu wanaandika pembeni. Ya tano, tupu. Hata jina moja! Nikauliza, wananiambia, "Tutaona, Mtendaji." Watu hawa wanaokwenda kanisani kila Jumapili, tena wanaimba kwa sauti nne, wameshindwa kumwandikia jina bibi mmoja?

Maana bibi mwenyewe yupo. Anaitwa Bibi Osmunda, anaikaribia themanini, anaishi peke yake mteremkoni juu ya shamba lake la ngolo. Ngolo ni yale mashimo wanayochimba huku kwenye miteremko, mraba kwa mraba, udongo usichukuliwe na mvua. Ukiwa ng'ambo unaona mlima mzima umetobolewa. Watoto wake wanne wote wako mbali. Mmoja yuko chini kule Kihagara, ziwani, anafanya biashara ya usipa, wale dagaa wa Nyasa, na hupanda kumwona mama yake Krismasi. Maji ya bomba kitongojini kwake yalikatika zamani, mto uko bondeni. Mimi nikajiuliza, kizee huyu anaishije?

Basi kwenye mkutano wa kijiji nikasimama na karatasi yangu. Hapa ndipo nilipoharibu, Mama, ingawa wakati ule nilijiona shujaa. Nikasoma safu nne, makofi. Nikafika ya tano nikasema, "Hapa sijaona jina, na nasikitika sana. Tuna Bibi Osmunda, mzee asiye na watu. Nani atajitolea kumchotea maji?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nami nikazidi kupandisha, nikasema hivi ninyi hamna aibu, mzee kama huyu anateseka mbele ya macho yenu. Nikaona watu wanaangalia viatu vyao. Kumbe Bibi mwenyewe amekaa mstari wa pili, na kitenge chake cha kanisani, mgongo umenyooka. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mwenyekiti wetu, Mzee Ndunguru, mtu mpole sana, aliniita pembeni mkutano ulipokwisha. Akaniambia, "Mtendaji, umetuua."

Nikamwambia, "Mimi? Ninyi ndio mmekataa kumsaidia!"

Akashika kichwa. "Nani kakwambia hatumsaidii? Wewe unadhani anaishi kwa upepo?"

Mama, kumbe bibi yule ana watu kuliko hata mkuu wa mkoa. Jirani yake, Mama Edina, kila asubuhi anakwenda kwake kuomba moto. Anakwenda na ndoo imejaa maji, anaitua mlangoni, anachukua kijinga cha moto, anasema ndoo nitaipitia baadaye. Jioni anaifuata ikiwa tupu. Miaka sita sasa anaomba moto, na kwake moto hauzimiki. Mzee Ndunguru mwenyewe anapeleka shoka lake kulijaribu kwenye magogo ya Bibi, eti magogo yake yeye yanaharibu makali. Wakati wa kahawa, kina mama wanapita kumwuliza anachumaje ile mikahawa mirefu, anawaonyesha, wanachuma mpaka jioni na vikapu vinabaki kwake. Kijiji kizima kina visingizio! Nami natembea humo mwaka wa pili na daftari mkononi, sijaona kitu.

Nikamwuliza kwa hasira, "Sasa kwa nini msiseme tu mnamsaidia?"

"Tuseme ili iweje? Sisi tuna ngokela. Unaniita shambani kwako leo, kesho nami nakuita kwangu. Sasa mtu aliyeishiwa nguvu ataitaje? Kesho atakulipa jasho gani? Huyo unamwendea kwa kuazima. Anakusaidia yeye. Ukimwandika ukutani kwamba hana watu, umewatukana wanawe, umetutukana na sisi, na yeye umemvua nguo."



Tangu siku ile Bibi kafunga mlango. Mama Edina alikwenda asubuhi yake kuomba moto kama kawaida. Bibi akamwambia dirishani, "Karatasi inasema mimi sina watu. Wewe umetoka wapi?" Mzee Ndunguru na shoka lake, hivyo hivyo: "Mimi sina watu, baba. Wewe ni nani?" Katekista alikwenda kumwombea, akaambiwa akawaombee wenye watu. Mimi, mjinga wa mwisho, nikampelekea sukari kilo mbili na sabuni. Alizirudisha kwa mkono wake mpaka ofisini, akaziweka juu ya meza yangu, akaondoka. Watu foleni nzima wanaangalia.

Na habari huku zinashuka mlima upesi kuliko gari. Siku ya tatu simu inalia, ni mwanawe wa Kihagara. "Mtendaji, nasikia mama yangu hana watu. Mimi ni nani? Mimi ni paka?" Nikasema samahani ndugu yangu. Akasema atapanda aje kunionyesha kama yeye ni mtu. Nikasema karibu.

Ningecheka, Mama, lakini juzi nilimwona Bibi anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Njia imekauka, ina vumbi na vijiwe vinavyoteleza, yeye na fimbo, anapumzika kila hatua kumi. Mama Edina amesimama mbali anamwangalia, analia, hathubutu kusogea. Na mikahawa yake imeiva nyekundu, inadondoka chini. Mguu ule ukiteleza siku moja, yule bibi amekwisha, na aliyemwua ni mimi na rula yangu. Sili vizuri. Kila nikisikia mtu anakimbia nje ya ofisi nadhani wanakuja kuniambia.

Basi nimekwisha amua. Kesho wakati wa misa ya asubuhi, yeye akiwa kanisani, nachukua ndoo yake na kumchotea maji, apende asipende.

Mama, naendelea leo, siku kumi na mbili baadaye. Barua ilibaki chini ya mto wa kulalia, na mguu wangu wa kulia uko juu ya kiti, umevimba kama muhogo. Usishtuke, haukuvunjika. Ni mishipa tu.

Nilikwenda kama nilivyosema. Ndoo ya Bibi niliikuta ukutani, nikashuka mtoni, nikajaza. Kurudi, nikaona njia inazunguka mno na misa inakaribia kwisha. Nikasema nikate katikati ya shamba. Mtu wa pwani, Mama, na ndoo kichwani, ndani ya ngolo! Maharage yalishavunwa, majani makavu yamefunika mashimo. Hatua ya nne nikaingia shimoni mguu mmoja, ndoo ikanitangulia, ikapasuka kwenye jiwe, nami nikakaa chini nimelowa, na baridi ile.

Nikajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Nikakaa pale mpaka nikasikia fimbo. Bibi Osmunda kasimama juu yangu, na rozari bado iko mkononi.

"Mtendaji. Unafanya nini kwenye ngolo yangu?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Nakagua shamba, natafuta mbuzi aliyepotea. Mtu yeyote wa kijiji hiki angekuwa na kisingizio tayari. Mimi nikasema, "Nilikuwa nakuletea maji, Bibi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Na ndoo yangu?"

Nikamwonyesha vipande. Akaviangalia, akaniangalia, akasonya msonyo mrefu ambao nadhani hata Kihagara waliusikia. Kisha akageukia kwa majirani akapiga kelele kwa Kimatengo, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano wangu Mama Edina na Mzee Ndunguru wakaingia kwenye uwanja wake, wakakimbia hadi shambani. Wakanibeba mpaka zahanati. Nesi akanifunga, akasema nisikanyage wiki mbili.

Unadhani shida iliishia hapo? Kesho yake asubuhi naugulia chumbani, mlango unagongwa. Ni Mama Edina, ndoo ya maji kichwani. "Hodi, Mtendaji. Nimekuja kuomba moto."

Nami nikamjibu kwa adabu zote, "Pole, Mama Edina, sina moto. Mimi natumia gesi."

Akasimama ananitazama kwa huruma nisiyoielewa. Akasema haya, akageuka, akaondoka na ndoo yake imejaa. Mlango ulipofungwa ndipo nikaelewa. Mama, nilijipiga kofi, wallahi. Siku ile nilipikia chai maji ya chupa ya dukani, na uso sikunawa.

Siku ya pili Mzee Ndunguru akaja na kikapu cha viazi. Akasema ana safari ya Mbinga mjini, anaomba kukiacha kwangu mpaka arudi, kwake kuna panya. Nikamwuliza atarudi lini nisije nikavila. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hiyo safari hakwenda.

Siku ya tatu nikasikia fimbo nje. Bibi Osmunda, na Mama Edina nyuma yake na ndoo. Bibi akaingia bila kukaribishwa, akatazama chumba chote: kitanda, makoti, jiko la gesi. Akakaa kwenye kigoda.

"Tumekuja kuomba moto," akasema.

"Moto upo, Bibi," nikasema. "Tena mwingi. Karibuni."

Mama Edina akatua ndoo haraka na kutazama dari asicheke. Bibi hakucheka. Akaniuliza, "Ile karatasi yako iko wapi?"

Karatasi nilikuwa nimemtuma Mzee Ndunguru aibandue, ilikuwa imekunjwa chini ya kitanda. Nikamwambia, "Nimewashia moto, Bibi."

Akalitazama jiko la gesi. Akalitazama muda mrefu. "Ndiyo maana moto wako mzuri," akasema.

Nikaona kidogo nimeanza kujifunza, nikajitosa. Nikamwambia, "Bibi, ndoo yako niliivunja, ninayo hii yangu ya bluu hapa inanibana nafasi chumbani. Ukinitunzia nitashukuru." Akafikiri. Akasema kwake napo pamejaa, lakini basi, kwa kuwa mimi ni mgeni na sina mtu huku wa kunitunzia vitu, ataichukua. Mama, alilitamka neno hilo polepole, ananiangalia usoni. Nikainamisha kichwa, nikasema ni kweli, Bibi, sina mtu.

"Unao sasa," akasema, akainuka.

Mlangoni nikamsikia anamfokea Mama Edina, kwamba jembe lake kaliazima tangu Pasaka, kesho asubuhi alirudishe mwenyewe, asitume mtu. Mama Edina anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, na machozi yanamtoka. Tangu hapo anakwenda kwa Bibi kila siku, jembe halirudi na ndoo ya bluu haikauki. Jana kina mama walishinda kwenye mikahawa yake wanajifunza kuchuma. Hata mwanawe alipanda kutoka ziwani kuja kunipiga, akanikuta nimelala, akaniachia fungu la usipa, eti limemzidi uzito garini.

Fomu nimeijaza, safu ya tano nimeandika hakuna. Bosi wangu wa wilayani kanipigia ananifokea, "Kijiji chako hakina wazee?" Nikamwambia wapo, bosi, lakini wana watu. Akasema nitaandikiwa barua. Waandike.

Sasa, Mama, ninalotaka kukuambia ni hili. Leo alfajiri Mama Edina kagonga, kaomba moto, katua ndoo. Nimelala pale namsikiliza anafagia kibaraza changu wakati anausubiri moto usiokuwepo. Ghafla nikamkumbuka Mama Saumu.

Mbuzi ya nazi. Kila alfajiri. Lakini wewe magoti yamekushika miaka mitano, kisima kiko kule msikitini, na kila nilipokuja likizo nilikuta pipa limejaa na uwanja umefagiwa. Nilikuwa nakunywa yale maji, Mama. Sikuwahi kuuliza yametoka wapi. Kisha nikaenda sokoni nikamnunulia mbuzi yake, nikampa mbele yako, nikamwambia akuache ulale. Nilimwona anaipokea kwa mikono miwili, kimya, nikadhani ni furaha. Ndiyo maana ulininunia. Na miezi saba hii hujaniambia kama bado anakuja. Pipa lina maji, Mama? Tafadhali usinijibu kwamba unajikongoja mwenyewe.

Msalimie Dada Zuhura, mwambie nikipona nitamfokea kwa simu. Msalimie Mjomba Athumani mwenye duka, na maalimu wetu wa chuoni, aniombee mguu. Ila Mama Saumu usimpe salamu. Mwite, hata kwa kumtuma mtoto wa jirani, umwambie hivi: Bakari ana shida huko aliko, anaomba amwazime ile mbuzi mpya, apewe yeyote anayekwenda upande huo. Yeye kwa sasa atumie ya kwako, kama zamani, aje aichukue alfajiri.

Huku nazi hakuna hata moja, Mama. Lakini yeye hatauliza.

Mwanao aliyechelewa kuelewa,
Bakari